Ukimpa fundi mchoro wako achonge

Mimi huchora mandhari ya Bagamoyo: mikoko, mashua, Ngome Kongwe. Picha moja ya rangi hununuliwa na mtu mmoja, lakini ikichongwa kwenye ubao na kuchapwa, hata mwalimu anamudu kutundika nakala sebuleni kwake. Ila usimwachie fundi picha ukaondoka.

Kwanza igeuze. Ubao huchapa kinyume, kama kioo. Chapa yangu ya kwanza ilitoka na bahari upande wa kushoto, na kwetu ukisimama ufukweni ukaelekea kaskazini bahari iko kulia. Mzee anayenichongea, fundi wa milango tangu ujanani, aliitazama akaniuliza, "Mwanangu, hii bahari ya wapi?" Ubao mzima wa mninga umekwenda bure.

Pili, mpe vivuli, usimpe rangi. Buluu ya maji na kijani cha mikoko vikiwa na uzito mmoja, vitatoka doa moja jeusi. Ichore upya kwa mkaa.

Nguvu zako ziweke kwenye chapa ya majaribio. Turner, mchoraji wa mandhari wa Uingereza, alikuwa akizikwangua chapa za wachongaji wake kwa kisu alipotaka mwanga, na kuwaandikia maelekezo pembeni. Mimi natumia chaki nyeupe na penseli. Usiandike "rekebisha mawingu". Andika "wingu la nyuma ya tanga lififie, jua bado halijatoka". Fundi akiijua saa ya picha, patasi anaipitisha mwenyewe panapostahili, tena mara nyingi vizuri kuliko ulivyofikiria. Mwombe mwanzoni abakishe weusi mwingi, yaani asikate sana. Constable, mchoraji mwingine wa Uingereza, alimhangaisha mchongaji wake David Lucas kwa mabadiliko yasiyokwisha walipotoa chapa zao kuanzia 1830, lakini wao walikuwa na mabamba ya metali yanayokubali marekebisho. Mninga ukishakatwa umekatwa.

Malipo myamalize kabla patasi haijagusa ubao. Turner na mchongaji wake Charles Turner, ambaye hawakuwa ndugu, walikosana kwa ajili ya fedha katikati ya kazi nzuri waliyoianza 1807. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Na majina yawe mawili: la mchoraji chini kushoto, la mchongaji chini kulia, kama kwenye chapa za zamani za Ulaya. Mzee wangu huandika lake taratibu, nakala moja baada ya nyingine, kwa penseli ileile ya useremala anayoichomeka sikioni.