Jinsi ya kurudisha marekebisho kwenye programu huria: tulivyofanya sisi Kisumu

Kampuni yetu ina watu sita na chumba kimoja cha kupanga hapa Kondele. Zahanati kadhaa za Ahero na Luanda hutulipa tuzisakinishie na kuzitunzia OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiendesha) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Programu hii ni ya nyumbani kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi kwa kompyuta katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa OpenMRS mwaka 2004.

Kwa miaka mitatu tulichukua bila kurudisha. Tukitaka badiliko, tulilifanya na kulifungia kwenye kompyuta zetu. Kisha toleo jipya likatoka, marekebisho yetu 17 yakagongana nalo. Fundi wetu alikaa wiki mbili akiyapachika upya, moja baada ya jingine, huku zahanati zikisubiri. Rekebisho lililopokelewa na watunzaji wa programu huja ndani ya toleo linalofuata, wala hulibebi tena mgongoni. Mkurugenzi wako akiuliza faida iko wapi, mpe hesabu hiyo.

Anza na karatasi. Andika kila programu huria unayoitegemea na leseni yake, yaani masharti ya kuitumia, uisome mwenyewe. Leseni ya MPL 2.0, ambayo OpenMRS inaitumia, inataka ukisambaza programu uweke wazi mafaili uliyoyabadilisha. Leseni ya GPL inakwenda mbali zaidi: ukisambaza kazi iliyojengwa juu ya msimbo wake, kazi nzima inafuata leseni hiyo. Leseni za MIT na Apache 2.0 hukuruhusu kuufunga msimbo uliobadilisha, mradi uhifadhi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni.

Halafu tengeneza mikataba. Msimbo anaouandika mfanyakazi akiwa kazini kwa kawaida ni mali ya kampuni, kwa hiyo mpe barua inayomruhusu kuutoa, naye autoe kwa jina lake. Anastahili sifa hiyo hata akihama kesho. Na katika mkataba wa zahanati ongeza kifungu kinachosema marekebisho ya jumla yatarudi kwa jamii ya watumiaji na watunzaji wa programu.

Hapa nakusihi sana: data ya mgonjwa isitoke kamwe. Tuliwahi kukaribia kutuma picha ya skrini yenye jina la mama mjamzito. Mwenzetu mmoja aliliona dakika ya mwisho. Tangu siku hiyo tunajaribia wagonjwa wa kubuni tu, na kila picha hukaguliwa na mtu wa pili kabla haijatumwa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, lakini hata isingekuwepo, mama yule alimwamini muuguzi wake, si ulimwengu mzima.

Sasa tuma. Ombi letu la kwanza kwa watunzaji, la kuingiza marekebisho yetu kwenye programu, lilikuwa na mistari 400 ya msimbo, mambo matano yamefungwa pamoja. Mtunzaji aliuliza maswali mawili, sisi tukaona haya, tukanyamaza, ombi likakauka. Baadaye tulilivunja vipande vitano, kila kimoja na jaribio lake na maelezo ya aya moja: tatizo ni lipi, linaonekanaje, kwa nini tumelitatua hivi. Vinne vilipokelewa. Cha tano kilikataliwa kwa sababu kilifaa fomu zetu peke yetu, nao walikuwa na haki. Tukakifanya moduli ya kando, yaani kipande kinachoongezwa juu ya programu bila kuibadilisha. Kama bado unaogopa msimbo, tafsiri maneno ya skrini kwa Kiswahili, au rudia kasoro iliyoripotiwa na mwingine na uandike hatua zake. Watunzaji wanaithamini sana kazi hiyo.

Mtunzaji akikuuliza swali, mjibu siku hiyo hiyo, hata kama jibu ni kwamba bado unachunguza. Saa kumi alasiri hapa Kisumu ni asubuhi Indianapolis, kule Indiana. Ndiyo maana Ijumaa kuanzia saa nane hatupokei kazi ya mteja. Kwanza tunakagua maombi ya wengine, kisha tunaandika yetu, na kufikia saa kumi tunakuwa tayari kujibu. Saa hizo zimo ndani ya bei tunayowatoza wateja, na tumewaeleza hivyo waziwazi.