Kuchagua monita ya mtumba na kuifunga mezani, maelekezo ya fundi wa Tanga

Wadau mambo vipi. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani, na haipiti wiki bila mtu kuja na monita kaibeba kwapani, fundi hebu nicheki hii inazima zima, nikiiwasha naona kabisa ugonjwa huu haujaanza leo, alinunua nao. Aliangalia ukubwa tu akatoa hela. Sa hapa naeleza navyofanya mwenyewe nikienda kununua, na naongelea za mtumba maana mpya ya kwenye boksi ina garantii, ikisumbua unarudisha.

Hatua ya 1, kabla hujatoka nyumbani geuza mashine yako uangalie matundu ya nyuma, piga picha na simu. Lile la bluu lenye vitundu 15 ni VGA. Bapa dogo lililobanwa pande zote mbili kwa chini ni HDMI, na linalofanana nalo ila limekatwa kona moja tu ni DisplayPort. Hapa ndo watu wengi wanapigwa, maana HDMI inatoa picha ya dijitali na VGA ni analogi, kwahiyo ule waya wa bei chee wenye HDMI upande huu na VGA upande ule mara nyingi hautoi kitu, kioo kinabaki cheusi. Unataka konveta yenye saketi ndani, na uangalie mwelekeo wake, ya kutoka HDMI kwenda VGA haifanyi kazi kinyume chake.

Hatua ya 2, ukubwa. Kwa kazi za kawaida mimi nasema inchi 24 yenye rizolusheni (hesabu ya dots za kioo, upana kwa urefu) ya 1920 kwa 1080, basi. Niliwahi kuingia tamaa nikachukua ya inchi 27 nikajiona nimepata, kufika nayo dukani kumbe nayo ni 1920 kwa 1080 ileile, yani dots zilezile zimetandazwa kwenye kioo kikubwa zaidi, herufi zina vijino pembeni, nikikaa nayo karibu macho yanauma. Nikaiuza kwa hasara. Inchi 27 tafuta ya 2560 kwa 1440. Na zile za mraba za inchi 19, 1280 kwa 1024, watu wanazidharau lakini kwa stationery ya kuchapa barua na kuprinti ziko poa sana, ukurasa wa A4 unauona karibu wote.

Kuhusu aina ya kioo usiumize kichwa, chuchumaa uiangalie kwa chini. Rangi zikigeuka kama negativu hiyo ni TN, kwa picha na dizaini achana nayo, tafuta IPS, aina ambayo rangi hazigeuki hivyo.

Hatua ya 3 ndo yenyewe, kukagua kabla hela haijatoka mfukoni. Nenda na laptop yako na waya wako, humo uwe na picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ijaze kioo kizima. Nyeupe inatoa madoa na vidoti vilivyokufa, nyeusi inaonyesha taa inayovuja pembeni na vidoti vilivyoganda rangi. Alafu iache inawaka robo saa, piga stori na muuzaji, usione haya. Zenye kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) zilizovimba kwenye kadi ya umeme, nyingine zinaanza vizuri tu, baadaye ndo zinaanza kupepesa. Muuzaji akisema hana umeme wa kujaribia, mwambie utarudi ukiwepo.

Chungulia na matundu kwa tochi ya simu. Sisi tunakaa na bahari, chumvi haina urafiki. Niliwahi kufungua moja iliyotoka nyumba ya kule Raskazone, skrubu zimeliwa na kutu mpaka bisibisi inateleza, na kwenye pini za VGA kuna unga wa kijani kama umepakwa. Soma na kibandiko cha nyuma, kikiandika 100-240V sawa, ikiwa ni 100 au 120 peke yake usiichomeke kwenye 230 yetu.

Hatua ya 4, kubeba. Panda bajaji, isimamishe wima, kioo kikingwe na boksi gumu. Najua Tanga kila kitu tunapakia baiskeli, ila monita ya kulazwa kwenye karia na kufungwa mpira ntakuonea huruma.

Hatua ya 5, mezani. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, na wewe ukae umbali wa mkono ulionyooka. Ikiwa stendi fupi weka rimu mbili za karatasi chini yake, stebo kabisa. Dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako, ukiwa na dirisha la mashariki jua la asubuhi linakuja lote kwenye kioo huoni kitu.

Chomeka vyote vikiwa vimezimwa, VGA ikaze skrubu zake mbili, washa. Kwa laptop bonyeza kitufe cha Windows na P, chagua Extend (monita iwe mwendelezo wa kioo cha laptop) au Duplicate (vyote vionyeshe kitu kimoja). Kisha bonyeza kulia kwenye deskitopu, Display settings, rizolusheni weka ile iliyoandikwa Recommended, herufi zikiwa ndogo ongeza Scale, usishushe rizolusheni, ukishusha kila kitu kinakuwa na ukungu.

Mwanga nao, nyingi zinakuja zimefunguliwa mpaka mwisho. Shika karatasi nyeupe pembeni ya kioo, fungua ukurasa mtupu, shusha mwanga mpaka weupe wa kioo ufanane na wa karatasi. Ukikaa usiku, shusha tena.

Umeme ukikatika chomoa ukutani, urudi utulie kwanza ndo uchomeke. Na kufuta vumbi, zima, kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, usipulizie maji kwenye kioo chenyewe maana yanateremka yanaingia kwenye fremu ya chini. Spiriti iache hukohuko kwenye duka la dawa.