Namna ya Kuzifufua Faili za Flash Zionekane kwenye Simu za Leo

Tovuti nyingi za shule, redio na vituo vya mafunzo zilizojengwa kabla ya mwaka 2012 bado zina faili zinazoishia na .swf au .flv, yaani faili za Flash, teknolojia ya zamani ya kuonyesha video, katuni na michezo ndani ya kivinjari, na anayezifungua kwa simu huona kisanduku kitupu mahali palipokuwa na somo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyarudisha masomo hayo mbele ya macho ya watu. Ni lazima tuanze na mvutano uliozifungia faili hizo nje ya simu, kwa sababu hoja zilizotolewa wakati ule ndizo zinazoamua hadi leo faili ipi ibadilishwe, ipi iigizwe na ipi ijengwe upya.

Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na Flash, na iPad ya mwaka 2010 nayo haikuwa nayo. Aprili 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alichapisha barua ya wazi akieleza sababu za Apple: kwamba Flash ilikuwa mali ya kampuni moja, Adobe, kwamba ilikuwa na udhaifu wa kiusalama na ilisababisha kompyuta kukwama, kwamba ilimaliza betri, kwa kuwa video zake nyingi hazikuweza kuchakatwa na chipu maalumu ya video iliyomo ndani ya simu, na kwamba vitu vingi vya Flash vilitegemea kipanya kinachopita juu ya kitufe bila kukibofya, jambo ambalo kidole hakiwezi kulifanya. Waliompinga walisema kwamba sehemu kubwa ya video na michezo ya mtandaoni ilikuwa ya Flash, na kwamba mwenye simu ndiye aliyestahili kuamua anachotaka kukitazama. Mwaka huo huo simu za Android 2.2 zilipata Flash Player 10.1, programu ya kuchezesha Flash, lakini Novemba 2011 Adobe yenyewe ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza kwa vivinjari vya simu, na Agosti 2012 ikafunga mlango wa kuisakinisha upya kutoka Google Play. Kwenye kompyuta iliendelea hadi tarehe 31 Desemba 2020. Kwa maoni yangu Apple walikuwa sahihi kuhusu betri, usalama na kidole, ila pande zote mbili zilisema machache mno juu ya kazi zilizokwisha kutengenezwa, na mzigo ukamwangukia mwalimu au mchoraji aliyetumia miezi kadhaa kuandaa somo moja.

Usijaribu kabisa kuirudisha Flash yenyewe kwenye simu. Faili za usakinishaji zinazosambazwa kwa jina hilo zimekuwa kichaka cha wezi wa taarifa kwa miaka mingi, na hata iliyo halisi haina tena marekebisho ya usalama.

Kazi ya kwanza ni kunakili kila kitu kutoka kwenye seva na kukihifadhi mahali pawili tofauti, pamoja na faili za .fla ikiwa mtengenezaji bado anazo, kwa sababu hizo ndizo chanzo na bila hizo utafanya kazi ya kubahatisha. Kisha tenganisha. Faili ya .flv ni video. Faili ya .swf inaweza kuwa katuni, mchezo, jaribio la maswali, au kichezeshi tu cha video iliyoko kando. Kwa hiyo, kabla hujaanza kuhangaika na .swf, angalia kama jirani yake hakuna .flv yenye jina linalofanana nayo.

Video ndiyo rahisi kuokoa. Sakinisha FFmpeg, ambayo ni programu huria ya kubadilisha video, kisha andika amri hii kwenye dirisha la amri (terminal) la kompyuta:

ffmpeg -i somo.flv -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -movflags +faststart somo.mp4

Amri hii huibadilisha video kuwa ya H.264, aina ya video ambayo simu karibu zote huichakata kwa chipu yake ya video, na hivyo lile lalamiko la betri linakuwa limejibiwa. Usiliache neno faststart. Huihamisha fahirisi ya faili kutoka mwisho hadi mwanzo, ili video ianze kucheza kabla haijapakuliwa yote, na mtazamaji anayelipia bando akiona baada ya sekunde chache kwamba sio somo alilolitafuta, anaweza kuliacha bila kupoteza data nyingi. FFmpeg ikikataa kwa kudai kwamba urefu au upana haugawanyiki kwa mbili, jambo la kawaida kwa video za zamani, ongeza -vf "scale=trunc(iw/2)*2:trunc(ih/2)*2" kabla ya jina la faili mpya. Iwapo .flv yako ina video ya H.264 na sauti ya AAC tayari, kama zilivyo baadhi ya zile za baada ya mwaka 2007, weka -c copy badala ya maelekezo ya ubadilishaji (kuanzia -c:v hadi -c:a aac), na ubora hautapungua hata kidogo. Ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg, itakueleza kilichomo.

Kwenye ukurasa, ondoa msimbo wa zamani na uweke huu:

<video controls playsinline preload="none" poster="picha.jpg" src="somo.mp4"></video>

Hapo preload="none" hukiomba kivinjari kisipakue chochote mpaka mtazamaji mwenyewe abonyeze, na playsinline huizuia iPhone kuifungua video kwenye skrini nzima bila kuombwa.

Kwa katuni na maswali ya .swf, tumia Ruffle, programu huria inayoigiza Flash ndani ya kivinjari bila mtazamaji kusakinisha chochote. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, wamekuwa wakiitumia kwa hifadhi yao tangu Novemba 2020. Weka folda yake kwenye seva yako, ongeza mstari <script src="ruffle/ruffle.js"></script> kwenye ukurasa, na uhakikishe seva inazitambulisha faili za .wasm zilizomo ndani ya folda hiyo kama application/wasm. Ruffle inazimudu vizuri zaidi kazi za ActionScript (lugha ya kuprogramu ya Flash) toleo la 1 na la 2, ambazo ni pamoja na kila kilichotengenezwa kabla ya mwaka 2006. Za ActionScript 3 zijaribu moja moja, kwa sababu nyingine hucheza vizuri na nyingine hukwama katikati.

Hata pale Ruffle inapofaulu, tatizo la kidole halijaondoka. Somo linaloonyesha maelezo pale tu kipanya kinapopita juu ya picha, au linalotaka mishale ya kibodi, litafunguka kwenye simu na bado mwanafunzi hatalitumia. Hilo lijenge upya: toa picha na sauti ndani ya .swf kwa JPEXS, programu inayozifungua faili hizo, kisha uzipange kwenye ukurasa wa kawaida wenye vitufe vipana vinavyotosha kidole gumba. Mwishoni zima Wi-Fi, chukua simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, na upitie kila somo kwa bando kuanzia mwanzo hadi mwisho.