Nankhatai zisizotandaa: kazi yote iko kwenye samli

Usiku wa kuamkia Idi wifi yangu alinitumia picha ya trei yake ya nankhatai, zile biskuti za samli. Alipanga madonge 24, akaja kutoa dude moja bapa limejaa trei nzima, kingo zimeungua. "Hii ni nankhatai au ni chapati?" aliuliza. Nilicheka, kisha nikampigia simu, maana yaliwahi kunikuta na mimi, tena zaidi ya mara moja, kabla sijajua kosa liko wapi.

Kidogo juu ya asili yake. Nankhatai ni ya Surat, Gujarat, huko India, na "nan" ni mkate kwa Kiajemi. Inasimuliwa kwamba Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Surat walikuwa na tanuri la mikate, na walipoondoka likabaki kwa Mparsi (Mhindi mwenye asili ya Uajemi) aitwaye Dotivala. Mkate wake uliumuliwa kwa tembo, ile pombe ya kugema, wenyeji hawakuutaka, akawa anaukausha na kuuuza mkavu, na humo ndimo biskuti zilimozaliwa. Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuja nayo huku Unguja na Mombasa. Ajabu ni kwamba hata neno "cookie" la Wamarekani limetokana na "koekje" ya Waholanzi hao hao, yaani kikeki.

Mahitaji: unga wa ngano gramu 250, samli gramu 170, sukari ya unga gramu 120, suji vijiko 2 vya chakula, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, iliki, chumvi chembe, lozi za kuweka juu. Iliki ipondwe kwenye kinu siku hiyo hiyo. Ile ya pakiti iliyokwisha sagwa inanuka vumbi. Na siagi ya kopo ya kupaka mkate usiilete hapa kabisa.

Hatua ya 1. Chekecha vitu vikavu, sukari weka kando.

Hatua ya 2: samli. Hapa ndipo wifi alipoharibikiwa. Alichukua samli kabatini, na kwa joto la Dar ilikuwa imeshakuwa mafuta. Samli iliyoyeyuka haishiki hewa, na donge likiingia kwenye moto linatiririka kabla unga haujakaza. Unaitaka iliyoganda lakini laini: ukitia kidole kinaingia na shimo linabaki. Ikiwa maji, iweke kwenye friji, ukiikoroga kila baada ya dakika kumi, isije ikaganda pembeni na katikati ikabaki mafuta. Ikiwa jiwe, iache mezani. Usiipashe motoni hata kidogo, kwa sababu utarudi ulikotoka.

Kisha ipige pamoja na sukari mpaka ibadilike rangi: kutoka njano hadi nyeupe, iwe nyepesi kama krimu. Mimi napiga kwa mwiko, dakika kumi na mkono unauma. Mashine inafanya haraka, ila inapasha moto samli usipoangalia. Bakuli likianza kung'aa mafuta pembeni, simama, rudisha kwenye friji. Sukari ya chembe nayo isitumike nzima, isage kwanza kwenye blenda.

Hatua ya 3. Mimina unga, kusanya kwa vidole mpaka ushikane. Usikande! Huu si unga wa maandazi. Ukimeguka, ongeza kijiko cha samli, usitie maji wala maziwa. Halafu bakuli zima friji, dakika 20.

Hatua ya 4. Viringisha madonge ya ukubwa wa ndimu ndogo, bonyeza kidogo, lozi juu, uache nafasi ya vidole viwili. Oka moja peke yake kwanza. Likitandaa, yaliyobaki yarudi kwenye friji, au changanya vijiko viwili vya unga.

Hatua ya 5. Oveni nyuzi 170, dakika 18 hadi 20. Wa makaa wapalie juu na chini, makaa mengi yawe juu ya mfuniko. Zitoke zikiwa nyeupe, chini tu zimegeuka rangi kidogo.

Hatua ya 6. Usiziguse mpaka zipoe. Za moto zinavunjika mkononi na utadhani umekosea.

Wifi alirudia saa tano usiku. Asubuhi ilikuja picha ya pili: sahani ya nankhatai za duara, zimepasuka juu vizuri, na nafasi tatu tupu kwenye sahani. Kaka yangu alikuwa ametangulia.