Kutayarisha plazma ya mgonjwa wa Parkinson kwa kipimo cha maikroRNA

MaikroRNA ni vipande vifupi vya RNA, vyenye herufi 22 hivi, vinavyodhibiti kiasi cha protini ambacho jeni hutoa. Kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa, hutajwa sana maikroRNA iitwayo miR-7, kwa kuwa hupunguza alfa-sinuklini, protini inayorundikana ndani ya seli za ubongo za mgonjwa. Watafiti wanapima maikroRNA kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, wakitaraji kuugundua ugonjwa mapema. Hadi sasa daktari huutambua kwa kumchunguza mgonjwa mwenyewe. Sisi wa maabara hapa Chake Chake kazi yetu ni moja: chembe nyekundu zisipasuke.

Hatua ya 1: Mkono. Mwamkie mzee na umsubiri aitikie, maana sauti yake huenda imefifia. Mtetemeko huzidi mkono ukiwa umepumzika, na wasiwasi huuongeza. Chagua mkono unaotetemeka kidogo, weka mto chini ya kiwiko, mwanawe amshikie kiganja bila kukibana. "Taratibu babu, hatuna haraka." Mkono ukikakamaa usiunyooshe kwa nguvu. Wala usimwambie aruke dozi ya levodopa, dawa yake ya Parkinson, ili aje kutolewa damu. Huko ni kumtesa bure. Andika saa aliyomeza dawa, inatosha.

Hatua ya 2: Damu. Tumia sindano namba 21 na kichupa cha EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda), chenye kifuniko cha zambarau. Cha heparini, kizuia kuganda kingine, kiache, kwani heparini huzuia PCR, njia ya kunakili vinasaba mara nyingi ili vipimike. Mpira wa kufungia mkono usipite dakika 1. Ukitumia bomba, vuta polepole. Kisha pindua kichupa mara 8 hadi 10, usikitikise.

Hatua ya 3: Kuzungusha. Usipitishe muda wa saa mbili tangu damu itolewe. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10 kwa 2,000 g (mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia), nyonya plazma ya juu na uache kidogo juu ya lile tabaka jeupe la chembe nyeupe. Hamishia kichupa kipya uzungushe tena kwa kasi kubwa zaidi, maana chembe sahani (zile za kugandisha damu) nazo zina maikroRNA zao.

Hatua ya 4: Ukaguzi. Hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Chembe nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16. Zikipasuka, utadhani ugonjwa umepandisha maikroRNA hizo kumbe ni sindano yako. Plazma nzuri ni ya manjano. Iliyoharibika sana hugeuka kama sharubati ya rozela. Uharibifu mdogo jicho haliuoni, kwa hiyo pima kwa spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, kwenye nanomita 414. Ufyonzaji ukizidi 0.2, weka sampuli kando. Baada ya PCR, toa Ct (idadi ya mizunguko ya PCR hadi maikroRNA ionekane) ya miR-451a kwenye Ct ya miR-23a. Jibu likizidi 7, tilia shaka sampuli hiyo.

Hatua ya 5: Kugandisha. Gawa kwenye vichupa vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, kisha weka kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama zinavuka kwenda Unguja, zifungie kwenye barafu kavu, uwaarifu wenye boti kabla, na sanduku usilizibe kabisa: gesi ya barafu hiyo lazima ipate pa kutokea.