Namna ya kuusoma moshi wa kiwanda ukiwa barazani kwako

Niliendesha boila za viwanda Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na majirani hadi leo wananiuliza: moshi ule una sumu? Kwa kuutupia jicho na kupita hutajua. Dohani, yaani bomba la moshi la kiwanda, husomwa kwa rangi, kwa saa na kwa upepo, na unachohitaji ni daftari na kalamu.

Simama jua likiwa mgongoni kwako, vinginevyo rangi ya moshi itakudanganya. Kaa ubavuni, moshi ukatize mbele ya macho yako. Ukikaa chini ya njia yake, unautazama kwa urefu wake wote na utauona mzito kuliko ulivyo.

Kisha tenganisha mvuke na moshi, maana hapa ndipo malalamiko mengi huharibika. Wingu jeupe linalotoweka angani bila kuacha mkia ni maji, na mara nyingi utaona uwazi kidogo kati ya mdomo wa dohani na pale weupe unapoanzia. Kwa mvuke huo usimwandikie mtu barua. Ila weupe ukiisha na nyuma yake ukabaki utando wa kijivu unaokwenda mbali, huo utando ndio wa kuandika. Tazama pale mvuke unapokoma, usitazame mdomoni.

Moshi mweusi ni kaboni iliyokosa hewa ya kuungulia. Boila ikiwa inawashwa, dakika chache za weusi ni jambo la kawaida. Weusi wa kutwa nzima ni habari nyingine: bana (kichomeo cha mafuta) imechakaa, feni haisukumi hewa ya kutosha, kuni ni mbichi, au kuna mtu anaunguza oili chafu ya magari kwa sababu ni rahisi. Usamawati ni mafuta yanayotoka bila kuungua. Moshi wa maganda ya korosho hauhitaji kutazamwa, macho yatawasha kwanza.

Kiasi cha weusi kina kipimo chake. Mfaransa Maximilien Ringelmann alitoa mwaka 1888 kadi za mistari, kuanzia 0 nyeupe hadi 5 nyeusi kabisa, kila namba ikiwa asilimia 20 ya weusi. Kama huna kadi, chagua mnazi au jengo lililo nyuma ya moshi, uandike kama unaliona wazi, kwa shida, au hulioni kabisa.

Saa ndiyo yenye siri kubwa. Alfajiri hewa ya chini ni baridi na ya juu yake ina joto, hivyo moshi wa dohani ndefu hulala angani kama mkeka, na mtu wa chini hasikii kitu. Jua likishapasha ardhi, tuseme saa 2 au saa 3, hewa huanza kuchanganyika na moshi wote uliokuwa umelala juu hushuka kwa pamoja. Hapo ndipo watoto hukohoa darasani. Mchana huyumba juu na chini, mara unagusa paa, mara umeruka. Mkaguzi anayefika saa 8 mchana na kuondoka ameona kipande tu. Tena masizi ya ndani ya boila aghalabu tulikuwa tukiyapuliza usiku. Ukikuta vipande vyeusi laini kwenye nguo ulizoacha kambani, uliza zamu ya usiku.

Upepo nao uandike. Kusi husukuma moshi kuelekea kaskazini-magharibi, kaskazi huupeleka kusini-magharibi. Daftari la msimu mmoja litawasahau majirani wa upande wa pili.

Vumbi lipime kwa sahani nyeupe mbili, moja upande upepo unakotoka na nyingine unakoelekea, siku zile zile. Karibu na kiwanda cha saruji pangusa pia majani ya mwembe: vumbi likikutana na umande hushika kama plasta.

Watu hupenda kudai dohani irefushwe. Mimi siwaungi mkono sana. Sudbury, mji wa kuyeyusha madini ya nikeli huko Kanada, walijenga ya mita 381 mwaka 1972. Hewa ya mji ikapata nafuu, salfa ikasafirishwa kwa wengine. Na vilima vya pale vilikuwa vimeshabaki miamba myeusi isiyo na miti kwa gesi ya miaka ya nyuma.

Na dohani isiyoonekana kutoa kitu isikutulize. Kaboni dioksaidi, inayopasha joto dunia, haina rangi: kila kilo ya kaboni ikiungua vizuri hutoa kama kilo 3.7 za gesi hiyo. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa ndani ya tanuri la saruji hutoa kilo 44, kabla hujahesabu moto wenyewe. Kwa hilo macho hayafai. Ulizia kiwanda kinaunguza nini, na tani ngapi kwa mwezi.

Daftari likishiba, peleka nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri na barua fupi. Itaje Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi. Usiandike "wanatuua". Andika hivi:

"Jumanne, saa 2:40 asubuhi hadi 3:10. Moshi mweusi, mnazi wa nyuma hauonekani. Upepo wa kusi, hafifu. Umeshuka hadi paa za shule. Picha tatu zimeambatishwa."