Migunga, Mibuyu na Minazi ya Mezani kwa Gharama Ndogo

Meza ya kawaida ya michezo ya vita, ile inayochezwa kwa vinyago vya askari, ina ukubwa wa futi 6 kwa 4. Ili ionekane kuwa nyika au shamba inahitaji miti isiyopungua 25, na miti ya dukani kwa idadi hiyo inaweza kukugharimu zaidi kuliko askari wenyewe. Tena mingi ni misonobari na miti ya mviringo ya Ulaya, isiyomfaa anayecheza mapigano ya Afrika Mashariki ya 1914 hadi 1918. Majeshi ya Uingereza yaliyoshuka Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, yapata watu 8,000 chini ya Jenerali Aitken, yalipenya vichaka na mashamba ya minazi na mipira ambamo askari hakuona mbali, na yakashindwa na kikosi cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck chenye watu kama 1,000 tu. Pambano hilo kwenye meza isiyo na miti ya kuziba macho halina maana. Kwa hiyo miti iwe mingi, iwe ya hapa kwetu, na ivumilie kushikwashikwa.

Vitu karibu vyote vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi, kwa seremala na kwa fundi wa masofa.

Vipimo kwanza

Askari wa milimita 28 ni mdogo takriban mara 56 kuliko mtu halisi. Kwa hesabu hiyo mgunga wa mita 10 ungekuwa na sentimita 18, na mnazi wa mita 20 ungefika sentimita 36. Usifuate hesabu hadi mwisho. Mti mrefu unaangushwa na mkono unaosogeza askari, na kivuli chake kinaficha kilicho chini. Mgunga wa sentimita 10 hadi 12 na mnazi wa sentimita 16 hadi 18 vinatosha, mradi umbo la mti litambulike kwa mtu aliyesimama hatua moja kutoka mezani. Ukitumia askari wa milimita 15, punguza kila kipimo kilichomo humu karibu nusu.

Mgunga

Nunua waya wa kufungia nondo wenye unene wa milimita 1. Kilo moja ina urefu wa mita 160 hivi, na kila mgunga unakula mita 3.2, kwa hiyo hata ukiondoa mabaki utapata miti zaidi ya 45. Waya huu huja na mafuta. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, uukaushe, kisha upitishe msasa. Ukiruka hatua hii, ganda la mti litabanduka vipande vipande wiki chache baadaye, na utadhani gundi ndiyo mbovu.

Kata vipande 16 vya sentimita 20, uvikusanye fungu moja. Acha sentimita 3 za chini bila kuzisokota, hizo ndizo mizizi. Shika hapo kwa koleo, usokote sentimita 4.5 zinazofuata kuwa shina. Sasa gawa waya, lakini usigawe sawa: 9 upande mmoja, 7 upande wa pili. Ukigawa 8 kwa 8 kila mara, mti unatoka na mikono miwili iliyolingana, na jicho linalikamata jambo hilo haraka. Sokota kila tawi sentimita 4 huku ukiliinamisha nje kama nyuzi 45. Fungu la 9 ligawe 5 na 4, la 7 ligawe 4 na 3, usokote sentimita 3. Gawa tena kuwa waya mbilimbili au mmojammoja, usokote sentimita 2.5. Ncha zilizobaki zitandaze zikiwa zimelala.

Hapa ndipo mgunga unapopatikana au unapopotea. Ncha zote, za tawi refu na za tawi fupi, ziishie kimo kimoja. Weka kitabu juu ya mti ubonyeze taratibu, kisha chungulia kwa pembeni: ncha iliyochomoza ikate au uikunje. Kilele kiwe kipana kuliko urefu wa mti, sentimita 11 hadi 13. Wengi hukibana kwa kuogopa nafasi, na mti wao unaishia kuwa mwembe.

Waya uliosokotwa huonekana kamba, na rangi peke yake haifichi. Zungushia shina na matawi makubwa vipande vya tishu vilivyolowa gundi nyeupe ya mbao, uvikandamize kwa brashi kwenda juu na chini, usifuate mzunguko wa waya. Zikikauka, paka ganda: gundi sehemu 2, mchanga laini au vumbi la mbao lililochekechwa sehemu 1, rangi ya maji ya ukutani sehemu 1. Paka mara mbili nyembamba. Ganda nene la mara moja hupasuka, kwa sababu ngozi ya nje hukauka na kuvutana huku ndani bado kuna maji. Pwani wakati wa unyevunyevu, subiri siku nzima kati ya mkono mmoja na mwingine.

Maji ya gundi hutia waya kutu. Kwenye shina la kahawia haidhuru, ila kutu ikipenya hadi kwenye kitako, yaani kisahani kinachosimamisha mti, chenye mchanga mweupe inaacha doa. Mizizi ipake kwanza rangi ya mafuta, hata iwe mabaki ya rangi ya dirisha.

Rangi ya shina isiwe ya chokoleti. Changanya kahawia na nyeusi kidogo, upake mti mzima. Ikikauka, chovya brashi ngumu kwenye kijivu cheupe, uifute kwenye gazeti mpaka ikaribie kuisha rangi, halafu ipitishe juujuu. Itashika migongo tu na kuacha mifereji ikiwa na giza.

Majani

Kwa kilele cha mgunga hakuna kitu kinachopita dodoki. Chukua lililokauka, toa mbegu, likate vipande vya unene wa sentimita 1, kisha vivute kwa vidole mpaka uone upande wa pili. Chovya kwenye rangi ya kijani iliyokolea, iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, uanike. Bandika vipande viwili au vitatu vikipishana kidogo kwa kimo, kwa sababu mgunga hubeba majani kwa matabaka na mwanga hupita katikati. Ukijaza kila tundu unapata uyoga.

Juu ya dodoki inakuja sponji. Mabaki ya fundi wa masofa yakate vipande vya sentimita 2, uyasage kwenye blenda pamoja na maji. Sponji kavu huelea juu ya kisu na kuzunguka tu, huku mota ikichemka. Blenda hiyo isirudi tena jikoni. Kamua vizuri. Kwa vikombe 2 vya sponji weka robo kikombe cha rangi ya maji na robo kikombe cha maji, ukande kwa mikono yenye glavu hadi rangi ienee. Kijani cha dukani kinawaka mno. Kizime kwa oksaidi ya manjano, ile ya sakafu, na chembe ya nyeusi. Anika kivulini siku 1 hadi 2 ukiigeuzageuza, la sivyo inashikana mabonge. Mwisho chekecha: chembe ndogo ni za mgunga, kubwa ziweke kwa ajili ya vichaka.

Vumbi la mbao linafaa pia na ni la bure, lakini ni zito na hukaa bapa, kwa hiyo liache liwe nyasi za chini.

Paka gundi sehemu ya juu ya dodoki tu, mwagia sponji, bonyeza kidogo, ukung'ute. Gundi ikishakauka, zimua nyingine sehemu 1 kwa maji sehemu 4, tia tone la sabuni ya vyombo, na uipulizie mti mpaka ulowe. Bila sabuni, maji yanasimama juu ya sponji yakiwa matone na hayaingii. Mti usiopuliziwa utapukutika majani kila mchezo.

Mbuyu

Mbuyu ndio mti rahisi kuliko yote, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna majani. Chukua bomba la kadibodi linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Upana wake wa sentimita 4 hadi 4.5 ni sawa na shina la mita 2.5, mbuyu wa wastani kabisa. Ziba chini, tia mchanga sentimita 2 uliochanganywa na gundi ili upate uzito, kisha songa gazeti ndani. Juu chomeka mafungu 5 au 6 ya waya, kila moja la waya 4 za sentimita 9, uzibe mdomo kwa gazeti lililolowa gundi. Matawi yawe mafupi, mapana mwanzoni, yakichongoka ghafla. Funika shina kwa tishu na gundi, ukiacha mikunjo ya wima. Rangi ni kijivu chenye wekundu wa mbali.

Wengine huchonga shina kwenye povu jeupe linalofungia televisheni. Linachongeka vizuri, ila usilipulizie rangi ya kopo kabla ya kulipaka gundi nyeupe mara mbili, maana kiyeyushi kilichomo kinalila povu na kuacha mashimo.

Mnazi

Sokota waya 5 za sentimita 22, ukiacha mizizi chini na ncha za sentimita 1 juu. Pindisha shina kidogo. Zungushia kamba nyembamba ya katani iliyopakwa gundi, ikikaa bega kwa bega: ndiyo inayotoa pete za shina la mnazi bila kazi nyingine.

Makuti ni karatasi ya bahasha ya kaki. Ipake rangi pande zote mbili kabla ya kukata. Ukipaka baadaye, maji yanavuruga chane zote. Kata majani 10 yenye urefu wa sentimita 6 na upana wa sentimita 1.5, yaliyochongoka ncha. Kunja kila moja kwa urefu, kata chane za mshazari zikielekea ncha, uache milimita 1 karibu na mkunjo. Bandika waya mwembamba mgongoni. Matano yaelekee juu, matano yainame chini katikati ya nafasi za yale ya kwanza.

Shambani minazi hupandwa kwa mistari, kwa nafasi ya mita 7.5 hadi 9. Mezani iache sentimita 15, na askari wenye vitako vya milimita 25 watapita bila kuugusa mti.

Vitako

Kila mti ukae kwenye washa ya chuma yenye upana wa sentimita 4, mizizi ikiwa imetandazwa na kushikizwa kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa (epoksi). Supa gluu inashika haraka lakini inaachia mti ukianguka. Kadibodi hujikunja, kwa kuwa gundi hulowesha upande mmoja. Ukikosa washa, ipake pande zote mbili siku moja.

Kwa kichaka cha miti mitatu, tumia sidii nzima iliyopigwa msasa. Miti isigandishwe juu yake. Isimame na washa zake, ili askari wakiingia kichakani uiondoe mmoja mmoja, na sidii ibaki ikionyesha mpaka wa kichaka.